Gitaa la Mjomba Halijakauka

Chini ya kitanda changu, pale Kivinje, nilikuwa na vipande vya mbao nilivyovipaka kila kitu nilichoweza kukipata. Kimoja mafuta ya ufuta, kimoja mafuta ya nazi, kimoja nta ya nyuki. Kimoja nilikipaka sifa, yale mafuta ya papa wanayopaka vyombo vya baharini, na hicho ndicho kilichomleta mama chumbani ameziba pua kwa upindo wa kanga.

"Kuna panya kafia humu," alisema.

"Siyo panya, mama. Ni mafuta ya gitaa."

"Basi kalizike hilo gitaa."

Gitaa lenyewe lilikuwa juu ya sanduku la nguo, limefungwa shuka kama maiti, na huenda ndiyo maana alisema hivyo. Nililiunda kwa miezi minane bila mwalimu. Fundi mmoja wa cherehani, Mgoa, alikuwa na gitaa lake la Ulaya, akaniruhusu nilipime kwa kamba huku akishona. Kazi yangu ilikuwa kugongomea masanduku katika ghala la Mhindi, masanduku ya nta na mpira, kwa hiyo mbao sikukosa. Uso wa gitaa niliutoa kwenye sanduku lililokuja na meli, mbao nyeupe, nyepesi, mfano wake hauoti kwetu. Mgongo na mbavu ni mninga. Nyuzi ni utumbo wa mbuzi. Ukichungulia tunduni utaona nusu ya neno la Kidachi, lugha ya Wajerumani, lililopigwa chapa kwenye sanduku. Sijui linasema nini mpaka leo.

Lilikuwa la mjomba. Yeye ni kaka yake mama, alikaa Miteja, na kwa watu wa kwetu mtoto ni wa mjomba wake kabla hajawa wa mtu mwingine yeyote. Alikuwa mpiga gambusi, kile kinanda cha nyuzi. Alialikwa harusini Kivinje na vijiji vyote vya njiani. Asubuhi moja alichelewa kwenye shamba la pamba, lile la kulima kwa amri, na askari wa akida, mtawala mdogo wa Wajerumani, akamfuata nyumbani, akalichukua gambusi na kulipiga kwenye mwimo wa mlango hadi likawa kuni. Tangu hapo hakugusa chombo. Mama alikwenda kumtazama, akanisimulia kwamba wakati wa mazungumzo vidole vyake vilikuwa vinatembea juu ya mkeka vyenyewe, bila yeye kujua. Nikampelekea salamu: mtama ukishavunwa, njoo uchukue chombo chenye sauti kuliko ulichovunjiwa.

Sasa nitasema jambo ambalo sikumwambia mtu wakati ule. Kabla sijapaka chochote nililifunga nyuzi nikalipiga likiwa tupu, na lilikuwa zuri. Sauti ilitoka haraka, ikakaa, ikaondoka taratibu. Lakini siku ya pili niliona alama ya jasho pale kiganja kinapoegemea, doa la kahawia kama chai iliyomwagika. Nikaifuta kwa majivu, ikakua. Tangu hapo kila nilipolitazama sikuona gitaa, niliona doa. Masikio yangu yalikuwa yameniambia kazi imekwisha, na mimi sikuyaamini, kwa sababu hakuna fundi aliyeyafundisha.

Nikaenda kwa Mgoa. Gitaa lake linang'aa hata unaona meno yako.

"Wamelipaka nini?" nilimuuliza.

"Vanishi."

"Vanishi ni nini?"

Akacheka huku sindano ikiwa mdomoni. "Unaniuliza mimi? Ni sandarusi yenu. Mnaichimba huko porini, inakwenda Ulaya inapikwa, inarudi imekaa juu ya gitaa langu."

"Inapikwaje?"

"Mimi nashona suruali," alisema.

Nilitoka pale kichwa kinazunguka. Sandarusi nilikuwa naisikia tangu utotoni, ule utomvu wa kale uliogeuka jiwe ardhini, wazee waliuchimba sana zamani. Kumbe ndiyo iliyokuwa ikilinda magitaa ya watu. Nikamtafuta mchimbaji mmoja aliyekuwa bado anaifanya kazi hiyo. Alikuwa mtani wetu. Mtani ana ruhusa ya kukutukana msibani na kukamata kuku wako mchana kweupe, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Nililijua hilo. Nilikwenda kwake hivyo hivyo.

Alinitolea mabonge manne ndani ya kikapu. Nilikuwa nimeambiwa sandarusi ya kweli ukiiosha ina ngozi kama ya kuku aliyenyonyolewa, vipele vidogo vidogo. Nikaipeleka juani, nikaona vipele.

"Mbona inanuka mti?" nilimuuliza.

"Na wewe mbona unanuka papa? Nimekuuliza?"

"Ndiyo yenyewe lakini?"

"Kama siyo yenyewe, mimi siyo mtani wako," alisema, na sura yake ilikuwa ya mtu anayesali.

Nikaipika uani na mafuta ya ufuta katika chungu cha zamani. Iliyeyuka upesi. Ingekuwa ya kweli isingeyeyuka vile, lakini hilo nililijua baadaye. Nilichouziwa kilikuwa chakazi, utomvu mbichi uliotoka mtini juzi, mtani akauviringisha kwenye mchanga wa moto ukaota vipele. Mimi niliona rangi ya asali na nikafurahi. Nikafungua nyuzi, nikapaka uso wote mara tatu kwa unyoya wa jogoo, nikazirudisha nyuzi baada ya siku mbili kwa kukosa subira. Siku ya tano bado lilinata kidoleni. Siku ya sita pia. Nilikuwa nikiamka kuligusa pembeni, mahali pasipoonekana, na kila nilipogusa niliacha alama nyingine ya kunikosesha amani.

Siku ya saba, saa sita mchana, mjomba akaingia uani.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mjomba. Kiko wapi?"

Hakuketi. Alikuwa amekonda, na shingoni amevaa kipande cha mwanzi kilichozibwa kwa guguta la hindi. Nililileta gitaa nikiwa nimelishika shingo na kitako, kama mtu anayebeba sufuria ya moto. Akalipokea kabla sijasema neno, akaliegemeza kifuani na kuweka mkono wa kulia juu ya uso. Akapiga nyuzi mbili tatu. Sauti ilikuwa nzito, kama ya mtu anayesemea ndani ya blanketi. Kisha akataka kuuondoa mkono, nao haukuondoka mara moja.

Akanitazama. "Umenitegea ulimbo? Mimi ndege?"

Mama alicheka mpaka akaketi. Nilitamani ardhi inimeze.

"Halijakauka, mjomba. Mtani kaniuzia kitu kibaya. Nipe siku saba, nilikwangue lote, nianze upya."

"Nipe hivi hivi."

"Litakusanya vumbi. Litaharibika."

"Siku saba sitakuwa na nafasi."

"Una kazi gani?"

"Tunakwenda kung'oa pamba," alisema.

Nilidhani amekosea. Pamba huchumwa, na wakati wake ulikuwa haujafika. Nilimtazama mama anieleze, lakini mama alikuwa ameacha kucheka na anatazama ule mwanzi. Mjomba akazibua guguta. Ndani mlikuwa na maji, na yalinuka kama uji wa mtama uliolala.

"Basi nikigange chombo changu kwa dawa," alisema, akainamisha mwanzi juu ya gitaa.

Nikalinyakua. Ndivyo nilivyofanya, nililinyakua mikononi mwa mjomba wangu. "Usilimwagie maji, mjomba! Mbao hii itavimba."

Akalirudisha guguta mahali pake, akalibonyeza kwa kidole gumba. "Fundi kasema," alimwambia mama. Akala muhogo mmoja akiwa amesimama, akaaga.

Sikuyaelewa mambo yaliyofuata, na sitaki kujifanya niliyaelewa. Wiki hiyo walisema pamba imeng'olewa vilimani. Kisha walisema akida kakimbia, kisha kauawa, kisha yupo. Walisema risasi zinageuka maji. Mhindi akafunga ghala. Watu wa bara waliingia Kivinje na mikeka kichwani, na wenyeji wengine wakatoka kuelekea huko huko wenzao walikotoka. Meli ikashusha askari. Mtani sikumwona tena, na nilikuwa nimeshamwandalia tusi zuri. Mjomba, mmoja alisema alimwona njia ya Miteja akiwa mzima, mwingine akasema siyo yeye, mwingine akatueleza mahali alipoangukia, lakini mahali hapo mama anapajua na hapana mto aliousema yule mtu. Mwaka wa njaa, vita vilipokwisha, mama alikwenda Miteja mwenyewe. Alikuta shamba limeota nyasi na mwimo wa ule mlango umesimama peke yake. Alirudi, akapika.

Nikalitoa gitaa kwenye shuka. Mgoa alinipa kipande cha chupa na kunionyesha jinsi ya kukwangua bila kuchimba mbao. Nilianzia chini, chakazi ikatoka kama magamba ya samaki, na mbao nyeupe ikatokea. Nilipokaribia tundu nikaona alama. Vidole vitatu na upande wa kiganja, vimezama ndani ya chakazi, mistari ya ngozi yote inasomeka.

Nilimwita mama. Aliinama, akatazama sana.

"Ni yeye," alisema.

"Huenda ni mimi. Niligusa sana."

"Weka chako."

Nikaweka. Kilienea, lakini moyoni nilijua kidole chochote kingeenea. Nikaweka tena kwa upande mwingine. Mama akaweka chake. Mpaka jua likahama uani tulikuwa tunaweka vidole, na hatukukubaliana.

Nilikwangua pande zote nikapaka nta, ila pale penye alama nikapaacha. Kwa hiyo nusu ni jeupe na nusu ni la manjano, kazi mbaya kuliko zote nilizowahi kufanya, na sauti ya nyuzi za chini imerudi wakati za juu bado zinasemea blanketini. Wanaoliona huniuliza kwa nini sikumaliza. Kipande cha chupa bado kipo, nimekifunga kitambaa. Chakazi imekuwa ngumu sasa, haipokei alama tena. Mimi bado huweka kidole.