Gari Lisilo na Mifupa

Ninyi vijana mtakaosoma haya, someni polepole. Najua mnasoma kwenye simu na kidole kinawawasha kupita mbele. Mimi niliishia darasa la nne, sina maneno ya kupamba. Enzi zetu mtoto alikijua kitu kwa kukishika, na nataka kuwaambia habari za kitu nilichokishika. Watu wote nitakaowataja wa wakati ule wamekwisha kufa. Nimebaki mimi, na mtu akibaki peke yake na jambo kichwani huanza kuogopa kwamba labda aliliota.

Tulikaa Mpepai, kijiji cha milimani juu ya ziwa, nyumba ya kando ya barabara. Asubuhi kulikuwa na baridi ya kuuma masikio, nasi tukienda shule pekupeku, mkononi ufagio wa kufagilia uwanja na kichwani kuni za mwalimu. Jioni tulicheza mdako kwa kokoto, na rede kwa mpira wa matambara, mpaka mama aite. Chakula kilikuwa ugali na maharage. Siku ya soko walipanda watu wa ziwani na dagaa zao, harufu ikitangulia kufika kabla ya muuzaji. Ukikunja uso mbele ya sahani, mama alisema, "Anayechagua ameshashiba," na sahani ikaondoka. Siku hizi naona mtoto anaulizwa anataka kula nini. Sisi aliyeulizwa hivyo alikuwa mgonjwa.

Baba yangu alikuwa fundi wa bodi za malori. Yale malori ya kahawa yalikuwa yakipasuka kwa barabara zetu, naye akiyavua mabati na kuyavisha mengine. Alizoea kusema lori ni kama mtu: chini ana mifupa, ndiyo chasisi, na bodi ni nguo tu. Nguo ikichakaa unaikata, unashona kiraka, mtu haanguki.

Basi siku moja lori likashusha kigari mbele ya nyumba yetu. Kilikuwa cha kijani, kifupi, cha viti viwili, hakina paa ila turubai la kukunja. Mwenyewe alikuwa mzungu aliyekuwa akipima barabara huko ufukweni mwa ziwa, tukimwita Bwana Vipimo. Alisema lilikuwa gari la mashindano zamani, na yeye alilipenda kuliko nyumba. Lakini lilikaa kando ya ziwa masika mawili, chini ya kibanda cha nyasi, na unyevu ukaila sakafu na vile vizingiti vya chini ya milango. Akamwambia baba, "Fundi, nitengenezee. Nitarudi kulichukua." Baba akamjibu ataikuta milango inafunga kama ya benki. Watu walisikia. Ndiyo maana mambo yalipoharibika yaliuma.

Baba alilifanyia kama lori. Akaliinua mbele na nyuma juu ya mawe, akang'oa milango, akakata vizingiti vyote viwili siku moja, kulia na kushoto, akachomelea bati jipya. Kazi safi, hata mimi mtoto niliona. Kisha akarudisha milango. Haikufunga. Ilikuwa inagonga juu, kona ya nyuma, kama sufuria iliyopewa mfuniko wa mwenzake. Akaikaza bawaba, akailegeza, wapi. Dereva mmoja wa malori akasimama akalitazama kwa ubavu, akasema, "Fundi, gari lako limebonyea mgongo kama ng'ombe mzee." Watu wakacheka. Baba hakucheka.

Mama alikuwa ametoka shamba, jembe bado begani. Alilizunguka lile gari mara moja tu.

"Baba Skola, umekata matuta yote mawili kwa siku moja?"

"Hili ni gari. Si shamba la maharage."

"Basi funga mlango," mama akasema, akaingia jikoni.

Siku tatu hawakusemezana. Nyumba ilikuwa kimya mpaka unasikia kuku akitembea. Siku ya nne baba akachukua tupa, akaniita nimshikie mlango wa kushoto, akaanza kuusaga ukingo wa juu. Alitaka kuupunguza mlango uingie kwenye tundu lililopinda. Hapo ungefunga, na Bwana Vipimo asingejua, mpaka gari limkunjikie njiani. Nilikuwa mdogo lakini nililijua hilo, kwa sababu baba hakunitazama usoni. Alisaga urefu wa kidole gumba, akaacha. Akasema mkono umechoka.

Kesho yake ilikuwa zamu ya shamba. Kwa wasiotujua: sisi Wamatengo tunalima kwenye miteremko kwa ngolo. Mwanamume anafyeka majani na kuyalaza kwa mistari inayokatana, yanatokea miraba mteremko mzima. Mwanamke anachimba udongo katikati ya kila mraba, anayafunika yale majani. Panabaki mashimo, na matuta yanayoyazunguka. Mvua inanywewa na mashimo, matuta yanashikana, mlima hauteremki. Hakuna nguzo wala ukuta. Tuta hushikwa na tuta mwenzake.

Tulikuta ng'ombe amepita usiku, amebomoa tuta moja la juu, na mvua imechukua mashimo manne chini yake. Baba alikuwa na majani mkononi. Alisimama akatazama pale muda mrefu, kana kwamba hajawahi kuliona shamba lake. Kisha akayaweka majani chini, akateremka kwenda nyumbani. Mama hakumwita. Aliniambia, "Mfuate. Atahitaji mtu wa kumshikia."

Nilimkuta amelala chini ya gari, uso juu. Akaniambia, na haya ndiyo maneno yake, nimeyatunza: "Skola, hili halina mifupa. Ngozi yake ndiyo mifupa." Akanionyesha. Hakukuwa na chasisi. Sakafu ilikuwa bati lililokunjwa, na kila kizingiti kilikuwa kama sanduku refu, bati nje, bati jingine ndani, limefungwa na sakafu huku na ukuta wa mbele kule. Kwa kuwa gari halina paa la kulishika juu, hayo masanduku mawili ndiyo yanayolizuia lisikunjike katikati. Baba alikuwa ameyakata yote gari likiwa limening'inia kwenye mawe, tumbo likashuka, naye akalichomelea vilevile lilivyoshuka.

Akaanza upya. Alikata alichokishona. Akaweka jeki katikati na kupandisha kidogokidogo, akipima tundu la mlango kwa kijiti kutoka kona hadi kona, mpaka kijiti kikalingana kulia na kushoto. Akafunga mbao kukinga tundu la mlango lisicheze. Safari hii alikata upande mmoja, akaumaliza, ndipo akagusa wa pili. Mkono wake haukuingia ndani ya kizingiti, wangu uliingia mpaka begani. Nilishika kipande cha chuma kizito kwa ndani, yeye anagonga kwa nje.

"Kaza."

"Nimekaza, baba."

"Umeshika kama unapokea baraka. Kaza."

Meno yalinitikisika kwa kila nyundo. Lakini nililijua gari lile kwa ndani, giza lake, makunjo yake, mahali bati linapokutana na bati. Hakuna mtu mwingine duniani aliyewahi kushika pale.

Siku ya milango baba aliufunga wa kushoto, ukaingia kwa sauti ndogo tu, kama mtu anayefunga mdomo. Mama akatoka jikoni na unga mikononi, akaufungua, akaufunga mara moja, akasema, "Sasa ni gari." Akarudi kwenye ugali wake. Baba alicheka peke yake mpaka chakula kikaiva.

Bwana Vipimo hakurudi. Dereva mmoja alituletea habari kwamba ameshakwenda kwao. Baba alilisukuma gari bandani akalisubirisha. Wageni walikuja wakasifu rangi. Kila Jumamosi alifungua milango na kuifunga, akisubiri atokee hata mtu mmoja wa kumwuliza ilikuwaje. Hakuna aliyeuliza. Alikufa hivyo, na kazi yake bora ikiwa mahali pasipoonekana.

Sasa nami naona ulivyo upweke ule. Watoto wangu wako Dar, ila mmoja anaendesha lori la makaa ya mawe kutoka machimbo ya Ngaka, akipita karibu hupiga honi wala hasimami. Juzi, msimu wa kuchuma kahawa, walikusanyika wote siku mbili. Mjukuu wangu Fidelisi, aliyesomea ufundi wa magari chuoni, akanionyesha picha kwenye simu: gari limekatwa nusu, mkia wake umewekwa mito, watu wameukalia kama kochi kwenye baa.

"Bibi, hili la bandani tukate nyuma tu. Mbele tunakuachia ukumbusho."

"Chasisi yake iko wapi?"

Akainama, akaingia chini, akachungulia huku na huko. Akatoka na vumbi nyweleni. "Halina, Bibi."

"Sasa linashikwa na nini?"

Akanitazama, akaitazama simu, ikalia, akaipokea. Nilisubiri amalize. Alizungumza akitembea mpaka barabarani, na aliporudi alikuwa ameshasahau kwamba aliulizwa. Enzi zetu mkubwa akikuuliza ulibaki na swali lake hata usingizini. Hawa wana majibu mengi mfukoni, lakini hakuna anayekaa na swali.

Usiku ule wa mwisho, sahani zikiwa bado mikekani, niliwaambia wote wanyamaze, nikasema mara moja tu. Nikifa, sufuria gawaneni. Mashuka gawaneni. Mibuni gawaneni, kila mtu na mistari yake. Gari msiligawe.