Ruhusa ya Wali

Nusu ya masomo inaudhi kuliko ujinga. Mjinga hulala usingizi wake, mimi sikulala. Niliondoka Unguja mwaka 1964 nikiwa nimebakisha kipande kimoja tu cha somo la viumbe wa majini, pale chuo cha ualimu. Upande wa bahari nilikwisha kuumaliza. Tulikwenda pwani siku za bamvua, maji yakipwa mpaka mbali, tukatupa mraba wetu wa waya juu ya mwamba na kuchunguza kila kilichoangukia ndani yake: chaza, kaa, mwani, majongoo ya bahari. Upande wa maji baridi, yaani mito na vijito, ulikuwa ufuate. Haukufuata. Mambo yaligeuka, wenzangu wakatawanyika, na mimi nikafika Matrah, mji wa bandari katika nchi ya mababu zetu Waarabu, pamoja na shangazi yangu, mraba wa waya nimeuviringa ndani ya kanga.

Ami, ndugu wa marehemu baba, alitupokea vizuri. Simsingizii. Yeye ndiye aliyekuwa walii wangu sasa, yaani msimamizi wangu, na nyumba yake ilikuwa na chakula cha kutosha na binti watatu walionizoea mara moja. Lakini nchi ile wakati ule haikuwa na chuo, wala wale binti hawakuwa na skuli ya kwenda. Nilipomwambia nataka kwenda Khoudh, ambako watu walisema maji yanatiririka bondeni, nikamalizie somo langu, alicheka mpaka kofia ikakaa upande.

"Mtihani utakupa nani, mwanangu? Mbuzi?" Kisha akaacha kucheka. "Ya Unguja yeshakwisha. Maji yakimwagika hayazoleki."

Methali hiyo niliisikia mpaka nikaichukia. Wazee waliitunga kumtuliza mtu aliyepoteza. Ami aliitumia kunikalisha kitako. Jirani mmoja naye hakukosa lake: mwanamke mzima na bado anataja chuo! Alidhani nasema chuo cha Kurani, na kwamba nimeshindwa kukhitimu.

Nikaanza na kilichokuwapo. Asubuhi niliwashusha binti za ami kwenye majabali ya Matrah, tukatupa mraba wetu. Walishika haraka, hasa mdogo wao, aliyekuwa akiingiza mkono kila tundu bila kuogopa kaa. Siku moja akaniuliza, "Na kwenye maji baridi wanakaa nani?"

Nikamwambia sijui. Neno hilo lilinichoma. Kama nitakuwa mwalimu wao, na hawakuwa na mwingine, basi siwezi kuwapa nusu niliyopewa mimi.

Shangazi alikuwa karibu, anachambua mchele. "Kesho nnakwenda na wewe huko Khoudh," alisema bila kuinua kichwa. "Huyo kaka yangu nshamsikiliza sana." Jirani mwingine, mwenye lori, alikuwa akienda pande zile kuchukua ndimu na majani ya mifugo. Alikubali kutupakia.

Kulipokucha, ami akiwa dukani, tukafika lango la mji. Gavana wa mji kule huitwa wali, na watu wa kuja kama sisi hatukutakiwa kutoka bila yeye kujua. Mimi nililijua hilo. Shangazi hakulijua, Kiarabu chake kilikuwa cha sala, basi. Askari akamkabili yeye, aliyekuwa mkubwa wetu.

"Wen rukhsat il-wali?"

Alikuwa akiuliza iko wapi ruhusa ya wali. Shangazi alisikia neno moja tu. "Wali? Wali tunao, baba!" Akafunua sufuria: wali wa nazi, na papa mkavu juu yake. Harufu ikajaa. Askari alitazama sufuria, akamtazama shangazi, akalitazama lori lililokuwa likinguruma nyuma yetu. Akachota tonge kubwa, kisha akatupungia mkono tupite.

Ningeweza kueleza. Nilinyamaza kwa makusudi, na mpaka leo sijuti hata chembe.

Maji baridi ya Khoudh hayakuwa baridi hata kidogo. Jua lilikwisha kuyapasha. Nilitupa mraba na kupiga magoti. Konokono weusi walikuwa wadogo kama punje za pilipili manga. Kulikuwa na viluwiluwi, na samaki wasiofika urefu wa kidole. Shangazi alitia miguu, samaki wakaanza kumdonoa nyayo, akapiga kelele na kucheka: "Wananitekenya, mwana we!" Palipokuwa na mkondo mkali, samaki wale wale walikuwa wamejibana kwenye jiwe kwa midomo, maji yanawasukuma na wao hawaachii. Niliwaangalia muda mrefu. Nililia. Kisha nikajaza chupa ya achari maji yale, pamoja na samaki wawili na viluwiluwi.

Tulirudi alasiri. Ami alikuwa amesimama mlangoni, uso umemwiva.

"Nani alokupeni rukhsa ya kutoka?"

"Wali," alijibu shangazi, na kwa ukweli wake wote akampa sufuria tupu aione.

Ami hakuitazama sufuria. Alisikia gavana. Akasogea kando ya mlango. Nikapita mbele yake, nikaiweka chupa katikati ya mkeka.

"Maji haya, ami, yalimwagika mlimani zamani," nikamwambia. "Nimeyazoa."

Binti zake wakaizunguka chupa. Mdogo akabandika pua kwenye kioo, nami nikaanza kumjibu swali lake. Ami aliwaambia waondoke, kazi za ndani zinawangoja. Akarudia, kwa sauti kubwa zaidi. Hakuondoka hata mmoja.