Ukungu Usio na Meno

Kwa zaidi ya miaka arobaini nimekana, mara kwa kiapo, mara kwa kicheko, jambo ambalo leo nalikiri: sentensi iliyonipa sifa nikiwa darasa la sita haikuwa yangu. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu, ilipita hadi chuo kikuu. Kila nikisikia harufu ya sweta la sufu lililolowa, narudi Mlola, kijijini kwetu milimani, kipupwe kile cha miaka ya Ujamaa, ukungu ukiingia darasani kupitia madirisha yasiyo na vioo na kukaa nasi madawatini kama mwanafunzi mgeni. Tulikuwa tumetoka kupalilia shamba la shule, matope yamekauka miguuni, vidole vimekufa ganzi hata kalamu ilitushinda.

Mwalimu wetu wa Kiingereza alitoka Tanga mjini, na baridi yetu ilimwonea. Alifundisha akiwa amevaa koti juu ya koti. Ukutani alitundika boksi la majani ya chai alilolipasua na kuliandika kwa mkaa maneno ya kuwasifu watu wenye ubunifu. "Creative", alisema, ni mtu anayeunda. "Inventive" ni yule aliyekosa bawaba akapigilia kipande cha kandambili, na mlango ukafungika. "Imaginative" ni mwenye kuona kisichokuwepo. Mtu wa dawati la nyuma akauliza, "Kama baba Yona akitoka kilabuni, mwalimu?" Tulicheka mpaka baridi ikapungua. Neno la juu kabisa lilikuwa "original": huyo, alisema mwalimu akishusha sauti, hakuchukua popote. Atakayeandika insha inayostahili neno hilo ataandikiwa kwa wino mwekundu, kisha aende Lushoto kuisoma mbele ya wanafunzi wa shule nyingine. Nililitamani neno lile kama wenzangu walivyotamani viatu. Asubuhi na jioni nilikaa kwenye kizingiti cha jiko letu nikikariri orodha nzima, vidole masikioni, nisije nikachafuliwa na Kishambaa cha bibi yangu. Yeye alikuwa ndani, mekoni, akipiga soga na rafiki yangu Naomi, ambaye alinipitia kila siku na kunisubiri huku akila kiazi cha moto.

Asubuhi moja tulipokuwa tukipanda kwenda shule, mlima wote ulikuwa umetoweka. Naomi akasema kwa Kishambaa, bila hata kupunguza mwendo, "Ukungu umeumeza mlima. Lakini hauna meno. Saa nne utautema mzima." Insha ya wiki ile ilihusu kijiji chetu. Darasa zima liliandika kwamba kijiji kina miti mingi na watu wenye bidii. Mimi niliandika juu ya ukungu usio na meno, kwa Kiingereza cha kubabaisha, na daftari likarudi na lile neno jekundu. Mwalimu alipoisoma insha kwa sauti, Naomi aliruka kutoka kwenye dawati.

"Hayo ni maneno yangu!"

"Uliyaandika wapi?" nikamuuliza.

"Nilikuambia njiani!"

"Njia ni ya kijiji kizima," nikasema, na darasa likapiga makofi, maana wakati ule tulifundishwa kwamba kila kitu ni chetu sote.

Basi nikaenda Lushoto, nikasoma, nikapigiwa makofi nikiwa na viatu vya kuazima vilivyonibana. Naomi hakunipitia tena nyumbani mpaka viazi vya msimu ule vikaisha. Bibi alimuulizia kila asubuhi, nami nilisema anaumwa. Hatimaye tulipatana, kwa sababu milima ile haina njia nyingi za kukwepana, lakini kila tulipokutana harusini au msibani aliniita Mwizi wa Ukungu, nami nikakana mbele ya watu.

Siku hizi ninafundisha vijana kuandika. Neno lile nimewaandikia wengi pembeni mwa karatasi zao, mkono ukisita kidogo kila mara. Ubunifu sasa una semina, una vyeti, una chai ya saa nne na sambusa. Wakati ule ulikuwa na mafiga matatu na moshi. Mwezi uliopita, nilipoamua kukiandika kisa hiki, niliona aibu kukichapisha kabla ya kumwomba radhi mwenyewe. Nikampigia simu Naomi, ambaye sasa ni Mama Elia.

"Onga mshi, Mwizi," akaitika kwa salamu ya kwetu ya mchana.

"Mama Elia, nisamehe. Nilikuibia. Yalikuwa maneno yako."

Nikasikia kuku wake, kisha kicheko kirefu kilichoishia kwenye kikohozi.

"Mwenzangu, mbona umechelewa hivyo, hata nami nimezeeka na uongo wangu? Hayakuwa yangu. Aliyasema bibi yako asubuhi ile ile, akinimenyea kiazi."

"Bibi yangu?"

"Nani mwingine angeuonea ukungu huruma kwa kukosa meno? Yeye mwenyewe alikuwa amebaki nayo mawili. Nawe ulikuwa pale pale mlangoni, umeziba masikio, unakariri."