Kisanduku cha Kilo

Nakumbuka siku moja ya mnada Ilongero, mwanangu, na nikiikumbuka najikasirikia upya. Wewe ulikuwa tumboni. Biashara ilikuwa imeachiwa huria, intaneti ndiyo kwanza inaingia Singida mjini, na mimi nilikuwa na cheti cha kidato cha nne na kiburi cha kutosha wilaya nzima.

Akina mama wafuga kuku walikuwa wameniomba ukurasa wa mtandao, ili wanunuzi wa Dar es Salaam wabofye na kuagiza. Nikachukua programu inayokupangia kila kitu: viungo vya kubofya, fomu, hata maswali. Ila ilikuwa na kisanduku cha kilo, na usipokijaza fomu haiendi.

Bi Hadija, mwenyekiti wao, akaniuliza, "We binti, kuku wa kienyeji nani anampima kilo? Sisi tunamnyanyua, tunamshika kifua, basi."

"Bibi, kompyuta ndivyo inavyotaka."

"Inataka! Imewahi kufuga?"

Wenzake wakacheka. Nikanuna, nikawajazia kilo mbili kila kuku, tetea kwa jogoo.

Siku hiyo ya mnada mnunuzi aliyeusoma ukurasa akaja na mzani. Akapima kuku wa Bi Hadija mbele za watu, wengi hawafiki kilo mbili, akamwita mwongo, akaondoka na gari tupu. Mama mtu mzima akarudi na matenga yake juani, kuku wanamfia njiani, wala hakusema aliyeandika ni mimi. Nilikuwa nimesimama pale pale. Nikanyamaza!

Kwa aibu nikaitupa programu yote, nikaunda ukurasa ambao kila mama anajipangia apendavyo. Upuuzi wa pili. Huyu kaweka kiungo cha kuagiza juu, yule chini, mwingine hana kabisa. Wanunuzi wakapotea.

Nilipokwenda kuomba radhi, Bi Hadija alikuwa anapepeta mtama. Hakuinua uso.

"Banda langu lina mlango mmoja, kuku wote wanaujua. Humo ndani kila tetea anataga anapotaka. Simpangii."

Nikaanza upya: kitufe cha kuagiza mahali pamoja kwa wote, na nafasi tupu ya kila mama kueleza kuku wake alivyo. Wanunuzi wakarudi, isipokuwa yule wa mzani.

Sasa sikiliza, mwanangu. Zana ikuamulie yale ambayo kila mgeni lazima ayakute mahali pamoja. Ikikulazimisha kuandika uongo, hapo ikatalie, ila usiitupe yote kwa hasira. Na ukikosea, sema siku hiyo hiyo, mbele ya watu wale wale. Mimi nilisema uani kwa Bi Hadija, tukiwa wawili, na mnadani bado anaitwa mwongo.

Mungu akupe mdomo mwepesi wa kukiri kuliko wangu, mwanangu, na akukuze.