Nyumba ya Ayeeyo Iliyogeuka Tanga

Harufu ya mikeka iliyolowa bado hunirudisha Masalani, msimu ule Mto Tana ulipofurika na serikali ikatuletea kamanda mzee wa jeshi la majini. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake ya mwisho kabla ya kustaafu: mashua moja ya kuvushia watu. Sisi watoto tulimganda, tukitaka kujua kila kitu. Bahari ina mwisho? Ngamia akiinywa atakufa? Alitujibu kwa Kiswahili chake cha bara, bila kutucheka, nami nikampenda kwa hilo. Nilichoogopa kumuuliza ni alimkosea nani hata akaletwa kwetu, mbali na meli zote.

Kisha barabara ya Garissa ikakatika, petroli ikaisha, na dada yangu Halima akakwama ng'ambo na mtoto mchanga, juu ya kilima kidogo, maji yakizidi kupanda. Makasia yalishindwa na mkondo. Kamanda alilowesha kidole kwa mate, akakiinua, nami nikashangaa kumbe upepo hutafutwa hivyo. Akasema tanga lingetosha. Turubai halikuwepo, ila aqal ya ayeeyo, nyumba ya bibi yangu, ilikuwa na mikeka imara. Akamwomba mjomba, mjomba akakubali upesi, wakaanza kuifungua.

Ayeeyo akaketi juu ya mikeka yake. Kwetu aqal ni mali ya mwanamke: yeye huisuka, huijenga, na wakati wa kuhama huipakia ngamia. Kamanda hakulijua hilo, na mjomba aliyelijua alijitia kusahau.

"Kofia yako ni ya serikali," ayeeyo alimwambia. "Nyumba ni yangu mimi. Niombe mimi."

Mzee akavua kofia. "Mama, naomba nyumba yako."

"Chukua. Lakini nyumba yangu ikihama, mimi nahama nayo."

Kamanda alikataa, akambembeleza abaki, mwisho akampa mkono apande. Nilibaki ukingoni nikijua kwamba sasa ningeweza kuwapoteza wote. Kabla ya alasiri tanga lile la mikeka lilirudi, Halima akiwa chini yake na mtoto kifuani, na ayeeyo ameshika kamba.

Kamanda alistaafu mvua zilipokwisha, hatukumwona tena. Leo naishi mjini, huko Waberi, katika nyumba ya mawe ambayo kila mtu huisifu. Mvua ikinyesha sana huzitazama kuta zake nikajiuliza: hii ingemvusha nani?