Saa Iliyolala Kwenye Sanduku

Vijana wa chuo huniuliza nilivyoingia kwenye fizikia ya chembe, mtu wa Nakuru, tena zamani zile za hali ya hatari, enzi za mkoloni. Huwa nawaambia nilipenda nyota. Uongo mtupu. Niliingia kwa mgongo wa baba yangu, na hilo sijawahi kulisema darasani.

Kulikuwa na profesa mmoja Mzungu, mgeni kabisa nchini, aliyepanga nyumba Milimani. Alikuwa akitafuta chembe ndogo ndogo zinazoanguka kutoka juu angani usiku na mchana, zikitupita mwilini bila sisi kujua. Alizinasa kwa sahani za kioo zilizopakwa dawa ya picha. Chembe ikipita, inaacha mstari, na mstari huo unauona kwa hadubini baada ya kuosha sahani. Mimi nilikuwa nimemaliza shule ya misheni, Kiingereza kikinitoka puani kwa majivuno. Nikawa msaidizi wake na mkalimani wake, maana Kiswahili chake kiliishia kwenye "jambo" na "chai".

Baba ndiye alinitafutia kazi hiyo. Yeye alikuwa mlinzi wa stoo nyuma ya nyumba, na ufunguo aliuvaa shingoni kama rozari. Alikuwa ametoka vitani ng'ambo na hakupenda kuzisimulia habari hizo. Kazi ile ilikuwa kila kitu kwake. Bila kazi hakuna pasi ya kukaa mjini, na bila pasi unapakiwa kwenye lori urudishwe rizavu, kule mashambani walikotengewa Waafrika.

Sahani zetu zilikaa miezi mitano juu Longonot, chini ya mawe, kwenye ukingo wa shimo la mlima. Tulipozishusha, dawa za kuoshea zilikuwa hazijafika kutoka Nairobi, kwa hiyo sanduku likawekwa stoo. Profesa alikuwa amenionya tangu siku ya kwanza: kitu chochote kinachong'aa gizani kisikaribie sahani, rangi yake inatoa miale inayoziharibu.

Na mimi nilikuwa na saa. Wee, saa hiyo! Niliinunua mkono wa pili kwa Mhindi, namba zake zinawaka kijani gizani, wasichana wa landhi, zile nyumba za wafanyakazi, wakiniomba niwaonyeshe. Siku hizo askari wakifanya msako walibeba chochote cha maana. Usiku mmoja nikamwomba baba ufunguo, nikainua kifuniko gizani, nikaificha saa yangu chini kabisa ya sanduku. Nilikumbuka lile onyo, sitadanganya. Nilijiambia, ah, kisaa kidogo hivi kitafanya nini?

"Weka," baba alisema mlangoni, "lakini usije ukaisahau."

Ilikaa humo wiki tatu. Dawa zilipofika niliitoa kabla hakujakucha, tukaosha sahani. Zote zilikuwa na ukungu mweusi. Ya chini kabisa ilikuwa na duara jeusi, ukubwa wa saa yangu hasa. Nikaiangusha sakafuni kwa makusudi ikavunjika, nikasema imeteleza, na profesa hakuliona lile duara. Alikaa kwenye kiti akajishika kichwa. Aliamini mtu amelifungua sanduku mchana, mwanga ukaingia.

Akamwita baba. Mezani palikuwa na barua aliyokuwa akiniandikia, ya kuniombea nafasi chuo kikuu Uingereza, haijatiwa sahihi bado. Niliiona, na baba aliona kwamba nimeiona.

"Muulize kama alifungua sanduku," profesa alisema.

Nikamuuliza. Baba akajibu polepole, kofia mkononi: "Mwambie sikulifungua. Lilifunguliwa kwa ajili ya saa yako tu. Mwambie yote, atakuelewa."

Nikageuka kwa profesa. Mdomo huu huu ninaofundishia ukasema, kwa Kiingereza safi, "Anasema alisikia panya, akafungua kuangalia. Anaomba msamaha."

Baba alinitazama. Kisha akavua ule ufunguo shingoni, akauweka mezani kando ya barua, akatoka. Nilishukuru Mungu kwamba hakujua nilichosema. Niliona aibu, ndiyo, lakini zaidi nilipumua. Mtu bure kabisa mimi.

Barua ikatiwa sahihi. Baba alifutwa kazi siku hiyo, akapata bahati ya kuchunga ng'ombe kwenye shamba la setla mmoja Mzungu karibu na Longonot. Sikwenda kumwona hata mara moja. Nilisingizia masomo.

Siku ya safari yangu, profesa, naye akienda Uingereza, alikuwa kwenye treni hiyo hiyo, behewa la daraja la kwanza, mimi la tatu. Stesheni ya Longonot treni ikasimama. Profesa akashuka kujinyoosha, nami nikamfuata. Baba alikuwa pale, koti la shamba limejaa matope, amesikia kwamba nasafiri na kuomba ruhusa ya saa moja. Nikakimbilia kuanza kutafsiri kabla hajafungua kinywa.

Akaniwekea mkono kifuani, taratibu, kunisogeza pembeni. Akamgeukia profesa, akavua kofia, akasema kwa Kiingereza kilichonyooka, Kiingereza cha miaka minne jeshini:

"Bwana, asante kwa kumsaidia kijana wangu. Ni mwaminifu. Mwangalie huko."

Profesa alimshika mkono. Kisha aligeuka akanitazama mimi, na sijui hadi leo alielewa kiasi gani. Filimbi ikapigwa. Saa ilikuwa mkononi mwangu, nikavuta mkono wa shati kuifunika. Baba aliona, akasema nipande nisije nikaachwa.