Asumini Chini ya Kifusi

Leo mafundi wanasawazisha uwanja wangu hapa Mbweni, na harufu ya udongo mbichi na mizizi iliyokatwa imenirudisha Temeke, uwanjani kwa bibi.

Fundi aliyekuwa akimjengea ukuta alikuwa amemwaga kifusi juu ya asumini ya bibi, iliyokuwa ikitoa maua ya vikuba, vile vishada vya kunukia vya maharusi wa mtaa mzima.

"Bi mkubwa, mti huu umeshakufa. Nitakuletea maua ya kisasa."

Bibi alikwangua shina kwa ukucha. Chini ya gome palikuwa na rangi ya kijani. "Maiti gani huyu bado ana damu? Shika koleo, wewe wa kisasa."

Wakafukua. Bibi akakata matawi yaliyovunjika, akafunga mizizi kwa gunia lililoloweshwa, lenye kunuka pumba, mpaka shimo jipya lilipokuwa tayari. Akapanda, akamwagia maji yaliyooshewa mchele. Mimi nilisimama nimetandaza kanga kuzuia jua.

Jirani akachungulia, uso umemshuka. Binti yake alikuwa anaolewa baada ya Ramadhani.

"Mama, nikatafute maua kwingine?" jirani akamuuliza bibi.

"Ya nini?" bibi akajibu, akijifuta matope. "Wewe tafuta uzi wa kutungia."

Kijiti kilichosimama shimoni hakikuwa na jani hata moja.